Simu Iliyofungwa Taulo

Jumanne ile mzee wa vifuniko, aliyepokea simu za wateja kwenye kiwanda cha chupa za chai, hakuja kazini. Habari ililetwa saa tatu asubuhi na mkwe wake: moyo, alfajiri, akiwa anafunga kamba za viatu. Watu wakasimama kwenye korido. Simu ya mezani kwake haikujua lolote, ikaendelea kulia. Ililia mara kumi na nne. Ya kumi na tano ilipoanza, dada wa usafi aliweka ndoo chini, akaingia, akaitazama sweta iliyoning'inia kwenye kiti, kisha akaifunga simu kwa taulo lake mwenyewe, akaitia kwenye droo ya chini na kuisukuma droo kwa goti. Waya hakuugusa. Hakujua upi ni wa simu na upi ni wa taa.

Wiki saba baadaye, siku ya Ijumaa, balbu nyekundu iliwaka ofisini kwa mkurugenzi, na Darubini akaitwa.

Darubini alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi ya polisi miaka ishirini, akastaafu, na sasa alipeleleza mambo ya watu binafsi. Jina hilo lilitokana na miwani yake, ambayo ilikuwa minene kama kitako cha glasi. Alifika kiwandani saa mbili na nusu, akaketi mbele ya mkurugenzi, akatoa daftari.

"Unaiona ile, mama?" Mkurugenzi alinyoosha kidole ukutani. Palikuwa na balbu tatu zimepangwa kwa mstari: kijani, njano, nyekundu. Ya mwisho iliwaka.

"Naiona."

"Ni Shangazi."

Darubini alifungua daftari.

"Mashine," mkurugenzi alieleza. "Ina akili bandia. Inasoma kila kitu watu wanachotuandikia mtandaoni. Inafuatilia hata simu zetu, ipi imeingia, ipi imetoka. Halafu inatuambia kama jina la kampuni linaelekea kuchafuka, kabla halijachafuka. Kijani ni salama. Njano, tuwe macho. Nyekundu, tumekwisha. Wafanyakazi wanaiita Shangazi kwa sababu inasikia kila kitu na haioni aibu kusema."

"Imewahi kukosea?"

"Mara moja. Kamati fulani ya harusi ilinunua chupa mia tatu za chai, wakaweka picha wote siku moja. Ikawaka njano. Tulikuwa tumeshamwita mwanasheria."

"Na leo inasema nini?"

Mkurugenzi alisukuma karatasi moja mezani. Darubini aliisoma polepole, akiifuata kwa kalamu. Wiki ya kwanza, njano. Wiki ya tano, njano iliyokolea. Leo, nyekundu. Watu arobaini na saba wanaandika maneno mabaya kwenye ukurasa wa kampuni, wote siku ya Ijumaa, wote kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mifano mitatu: *Kampuni hii imekufa. Hawana utu tena. Miaka tisa mteja wenu, basi tena.* Chini yake: *Tukio la kwanza lisilo la kawaida: simu kutoka mapokezi kwenda kwa mteja, sekunde arobaini, Alhamisi ya wiki ya kwanza.*

Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palichapwa *1/4*. Darubini aliizungushia duara.

"Majirani zetu wale," mkurugenzi alisema, akimaanisha kiwanda kingine cha chupa za chai ng'ambo ya barabara, "wana punguzo la bei kila Ijumaa. Ijumaa, mama! Wamewalipa watu watutukane, ili wateja wavuke barabara. Na namba za wateja wamezipata kwa mtu wa humu ndani." Alipanga bahasha mbili juu ya meza. "Hii ni taarifa kwa umma, inawataja wao na inamtaja yeye. Hii ni barua ya kumfukuza kazi. Zote zinatoka saa sita."

"Yeye nani?"

"Mama Pacha. Wa mapokezi."

"Kwa nini saa sita?"

"Watu husoma simu zao wakati wa chakula."

Darubini alitazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro kumi.

Chumba cha Shangazi kilikuwa kidogo, na feni yake ilipuliza upande mmoja tu. Kijana aliyeitunza aliitwa Profesa, ingawa cheti chake kilikuwa cha miezi tisa. Alimkaribisha Darubini kwenye kiti chenye magurudumu matatu.

"Kalia upande wa kushoto, mama. Kulia kunaanguka."

Darubini alikalia kushoto. "Mwanangu, kati ya hawa watu arobaini na saba, wangapi wanataka kurudishiwa pesa?"

Profesa alibonyeza. "Hakuna."

"Wangapi wanadai chupa mpya?"

Alibonyeza tena. "Hakuna."

"Wangapi wanasema chai yao imepoa?"

Profesa alibonyeza mara mbili. "Sifuri."

"Mtu akilipwa akuchafulie jina la chupa ya chai, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba chai imepoa. Hawa wamelipwa na mtu mvivu sana, au hawajalipwa." Aliandika. "Hebu nione hizo akaunti zao."

Zilipita kwenye kioo moja moja. Moja ilikuwa na picha ya gari la michezo, na chini yake maneno: *Mmekuwa watu wa ovyo, na Mungu anawaona.* Nyingine ilikuwa na picha ya mtoto anayemaliza chekechea. Nyingine ilikuwa ya saluni ya kusuka.

"Shangazi anasema ni akaunti bandia," Profesa alisema. "Maneno hayafanani na picha."

"Ni akaunti za wajukuu," Darubini alisema. "Bibi anasema, mjukuu anaandika. Angalia, huyu wa gari la michezo ameweka koma zote mahali pake."

Alisimama kwa uangalifu, maana kiti kilishaanza kuinama.

Mama Pacha alikuwa nyuma ya kaunta ya mapokezi, akipiga muhuri barua zilizoingia. Alikuwa ameshaambiwa. Alipiga muhuri kwa nguvu kiasi kwamba kikombe cha kalamu kiliruka kila mara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kwa nini niko hapa?"

"Najua. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja. Wanangu wawili wako sekondari, wote darasa moja, wote wanavaa viatu vya namba ileile, na wote wanaviharibu mwezi mmoja. Jina langu likisomwa kwenye taarifa kwa umma, nani ataniajiri? Hata kazi ya kufungua mlango sitapewa." Muhuri ukashuka. "Uliza."

"Alhamisi ya wiki ya kwanza ulimpigia mteja. Sekunde arobaini. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Sekunde arobaini ni nyingi kwa kutosema kitu."

"Jaribu wewe uone zilivyo nyingi."

Darubini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama Pacha aliacha muhuri. Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari lenye jalada gumu la bluu, lililokunjika pembe. Ndani yake mlikuwa na majina, namba za simu, na maelezo mafupi kwa mwandiko ulioegemea kulia. *Kifuniko kinavuja, nimetuma kipya. Kizibo kimelegea, nimemwonyesha kwa simu. Chai imelala vizuri.* Hiyo ya mwisho ilijirudia ukurasa baada ya ukurasa.

"La mzee wa vifuniko," Mama Pacha alisema. "Nililichukua siku ya maziko. Si kuiba. Niliona hawa watu hawajaambiwa. Nikamwomba bosi tuweke tangazo pale kwenye ukurasa wetu. Akasema matangazo ya misiba hayauzi chupa. Basi nikasema nitawapigia mwenyewe. Nikaanza na wa kwanza. Akapokea, akasema, 'Eeh, baba, leo mbona Alhamisi?' Anadhani ni yeye. Nikashindwa." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikakata. Daftari nimekaa nalo mpaka leo."

"Kuna majina mangapi?"

"Arobaini na matatu."

Darubini aliandika arobaini na tatu chini ya arobaini na saba, akapiga mstari. Kisha akavuta simu ya kaunta na kupiga ng'ambo ya barabara.

Meneja wa mauzo wa majirani alipokea kwa sauti ya mtu aliyechoka. Darubini alijitambulisha, akauliza kama wanamjua yeyote anayewatukana wenzao siku ya Ijumaa.

"Kuwatukana? Dada yangu, sisi ndio tunaoteseka. Hao wateja wenu wanatupigia sisi! Kuna bibi mmoja, kila Ijumaa, ananiuliza kama nimemwajiri mzee wa vifuniko na kumficha stoo. Wiki iliyopita aliniambia nimtoe nje apate hewa. Nakuomba, mchukueni bibi yenu."

"Amewahi kununua kwenu?"

"Nilijaribu kumuuzia chupa. Akaniuliza mimi nitampokea simu miaka mingapi."

Darubini alimshukuru, akakata. "Meza ya mzee iko wapi?"

"Namba saba. Mwisho wa korido." Mama Pacha hakunyanyuka. "Hakuna anayeingia kule."

Saa ilikuwa tatu na dakika tano. Kwenye korido dada wa usafi alikuwa anapiga deki mahali palipokuwa pakavu na safi. Alipomwona Darubini anaelekea mlango wa mwisho, alilikumbatia fagio la deki.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, rafu ya vifuniko vya kila saizi vilivyopangwa kama vyombo vya kabatini, na kiti chenye sweta. Meza ilikuwa na vumbi. Katikati ya vumbi palikuwa na pembe nne safi kidogo kuliko pengine, kiasi cha simu ya mezani. Darubini aliifuata kwa macho alama ya waya. Ulishuka ukingoni, ukapita nyuma ya mguu wa meza, ukaingia kwenye upenyo wa droo ya chini.

Droo ikaanza kukoroma.

Ndivyo ilivyosikika: kama mtu mnene amelala, uso umezama kwenye mto. Darubini alivuta. Ilikwama, ikafunguka. Taulo la bluu lilikuwa linatetemeka.

"Lako?" aliuliza bila kugeuka.

"Langu," dada wa usafi alisema mlangoni. "Mama, nisamehe. Ilikuwa inamwita, naye hayupo."

Darubini alifungua taulo, akanyanyua mkono wa simu. Kabla hajasema haloo, sauti ya bibi ikamwagika.

"Hatimaye! Wiki saba! Umelala wapi wewe mtoto? Unafikiri mimi nina kazi ya kupiga simu tu?"

"Shikamoo, bibi."

"Mara... wewe si yeye. Wewe nani?"

"Mimi ni mpelelezi."

"Ameiba?"

"Hapana, bibi."

"Nilijua. Mtu anayekutumia kifuniko na barua aliyoandika kwa mkono wake hawezi kuiba. Mimi nimekuwa mkunga miaka arobaini, nawajua watu tangu wakiwa uchi. Mpe simu."

Darubini alikalia ukingo wa meza, juu ya vumbi. "Bibi, chupa yako ina tatizo gani?"

"Haina tatizo. Ilipona miaka tisa iliyopita. Alinituma nijaze maji ya moto usiku, nionje asubuhi, halafu Ijumaa nimpigie nimwambie yamelalaje. Nikampigia. Hakuniambia Ijumaa ngapi."

Mlangoni dada wa usafi alicheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Wengine nao wanapiga?"

"Tunapiga wote. Mwalimu mstaafu anapiga saa tatu, mimi saa tatu na dakika tano, yule fundi cherehani baada yangu. Tumejipanga wenyewe, mtu asimkate mwenzake. Sasa wiki saba simu inalia tu. Tukasema kampuni imemfukuza, mzee wa watu, bila shukrani. Nikamwambia mjukuu aandike huko kwenu. Ameandika?"

"Ameandika vizuri sana. Picha ya gari la michezo ni yake?"

"Ndilo hilo gari lake. Hana gari." Kisha sauti ya bibi ikashuka. "Mpelelezi. Mimi nimekaa. Sema."

"Ilikuwa Jumanne, bibi. Wiki saba zilizopita. Moyo."

Kwenye simu palisikika kiti kikikwaruza sakafu, na mbali kidogo redio ikisoma habari. Mtu akaizima.

"Aliumwa?"

"Alikuwa anafunga viatu aje kazini."

"Basi alikuwa anakuja," bibi alisema. Kisha akaongeza, "Ijumaa ile nilipiga mara sita. Nikamsema vibaya mbele ya mjukuu. Nikamwita mwenye kiburi. Andika hapo kwamba maneno yale nimeyarudisha."

"Nimeandika."

"Soma nisikie."

Darubini alisoma.

Saa tatu na robo alikuwa tena mbele ya meza ya mkurugenzi. Profesa alisimama upande mmoja, Mama Pacha upande mwingine, akishika daftari la bluu kwa mikono miwili. Balbu nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Nani kawalipa?" mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna aliyelipwa. Arobaini na watatu ni wateja wa mzee wa vifuniko, ambao walikuwa wanampigia kila Ijumaa. Wanne ni wajukuu waliokasirika kwa niaba yao. Simu ilikuwa kwenye droo." Darubini alifungua ile karatasi, akaweka kidole penye duara. "Sasa naomba ukurasa wa pili, wa tatu na wa nne."

Mkurugenzi alimtazama Profesa. Profesa alitazama viatu vyake.

"Mwanangu," Darubini alisema, "hapa pameandikwa moja kati ya nne."

"Tulipata waraka," Profesa alisema kwa sauti ndogo. "Wa kuokoa karatasi. Ulisema kila ripoti ichapwe ukurasa wa kwanza tu."

"Waraka wa nani?"

Mkurugenzi alikohoa. "Karatasi zilikuwa zinakwisha sana."

"Na wewe, mwanangu, kwenye kompyuta hukusoma?"

"Niliona kama kuvunja waraka, mama. Mimi nilikuwa naangalia rangi."

Profesa alikwenda kuchapa. Walimsubiri wakisikiliza printa ikipiga kelele chumba cha pili. Akarudi na kurasa tatu zenye joto, na Darubini akazisoma kwa sauti, kwa utulivu, kama anavyosoma maelezo ya shahidi.

"*Sababu: simu ya meza namba saba haipokelewi tangu Jumanne ya wiki ya kwanza. Waandishi arobaini na watatu walipiga namba hiyo kwanza, wakaandika baadaye. Hakuna dalili ya malipo. Hakuna uhusiano na kampuni nyingine. Simu ya mapokezi haikusababisha chochote. Ushauri: mtu apokee simu.*" Aligeuza. "Tarehe ya ushauri huu, Ijumaa ya wiki ya kwanza. Umerudiwa wiki ya pili. Wiki ya tatu umeandikwa kwa herufi kubwa."

Ukutani Shangazi aliwaka vilevile.

"Ilikuwa inapiga kelele," mkurugenzi alisema.

"Kwenye ukurasa wa pili," Darubini alisema.

Mkurugenzi alichukua bahasha ya kwanza, akaichana mara mbili. Alipofika ya pili alisita, na Mama Pacha akasogea hatua moja, akaitoa mkononi mwake bila kuomba ruhusa, akaichana yeye, mara nne.

"Sasa tufanyeje?" mkurugenzi aliuliza. "Tutoe taarifa kwa umma?"

"Taarifa kwa bibi mmoja nimeshatoa. Wamebaki arobaini na wawili, na wanapiga kwa zamu. Anayefuata ni fundi cherehani, simu yake imeshaanza kulia mle ndani." Darubini alifunga daftari lake. "Mmoja mmoja, kwa mdomo. Na uanze wewe, baba."

"Mimi? Nitasema nini?"

"Jina la fundi kwanza. Utakuta limeandikwa kwenye daftari."

Walikwenda wote wanne mpaka kwenye meza namba saba. Dada wa usafi alikuwa ameshafuta vumbi mezani, sweta hakuigusa. Mkurugenzi hakukalia kile kiti. Alisimama, akapokea, akataja jina, akasema alichokuwa nacho. Wakamwona akiitikia kwa kichwa kana kwamba yule wa upande wa pili anamwona. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Ananiuliza mimi chai yangu imelalaje."

"Mjibu," Mama Pacha alisema.

"Mimi nakunywa ya kikombe. Sina chupa."

Mama Pacha alikwenda kwenye rafu, akachukua chupa ya mzee, ya kijani, iliyokwaruzika ubavuni, akaiweka mbele yake. Mkurugenzi akaitazama, akaondoa kiganja kwenye simu.

"Nitakwambia Ijumaa," alisema.

Meza namba saba sasa ni ya Mama Pacha. Mapokezi wamemweka mtu mwingine. Kila Ijumaa Mama Pacha anaketi saa tatu kamili, anaanza na mwalimu mstaafu, na taulo limerudi kwenye ndoo ya dada wa usafi.